Aliyewavika Askari Waliokufa: Maisha ya Mchoraji Baltasar Ormaza

Ndugu wa parokia, majirani, na ninyi mliokuja kutoka Medina de Rioseco kwenye matope haya ya Februari: mimi ni Anselmo Quirós, mume wa Brígida, binti wa marehemu. Familia imeniomba niwasomee maisha ya baba mkwe wangu kabla hatujamshusha kaburini.

Marehemu Baltasar Ormaza alizaliwa Medina de Rioseco tarehe 6 Januari 1599, mtoto wa kwanza wa Hernando Ormaza, mfumaji wa sufu, na mkewe Mencía Gallo. Baada yake alizaliwa Gil, basi.

Kusoma na kuandika alifundishwa na mtunza kanisa wa kwao. Alipofika umri wa miaka kumi na miwili aliletwa hapa Valladolid kwa fundi wa kupaka rangi sanamu za watakatifu. Hapo ndipo alipojifunza kuchora nguo: hariri ya Bikira, ngozi ya ngamia ya Yohane Mbatizaji. Fundi wake alikuwa akimwambia, "Uso mwachie Mungu. Wewe nitengenezee mikunjo."

Mwaka 1621 Gil alijiandikisha jeshini, na marehemu akaacha brashi akamfuata, ili amwangalie. Walipelekwa Flandria. Mnajua jeshi la mfalme halina sare; kila mtu huvaa alichonacho, na ili wasiuane wenyewe kwa wenyewe hujifunga kitambaa chekundu. Majira ya baridi ya mwaka 1625, wakiwa wameuzingira mji wa Breda, Gil alikufa kwa homa ndani ya handaki. Miguuni alikuwa amejifunga magunia. Koti lake lilivuliwa kabla mwili haujapoa, na aliyelivua ni huyu marehemu wetu, kwa kuwa yeye hakuwa na koti. Haya aliniambia mwenyewe, na akaniagiza niyasome leo mbele yenu.

Mwaka uliofuata alirudi kwao akichechemea. Mama yake hakumuuliza habari za vita. Alimuuliza:

"Mdogo wako alizikwa amevaa nini?"

"Alivaa vizuri, mama."

"Vizuri vipi? Nieleze, nimwone."

Marehemu akaanza kumweleza. Kofia pana yenye unyoya mwekundu. Kola ya lesi. Koti la ngozi lenye mikono ya hariri, suruali pana za rangi ya divai, soksi za kijani. Bibi Mencía alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sasa nichoree."

Akamchorea. Mama aliitundika picha kando ya kitanda, majirani wakaja kuitazama, na baada ya muda mfupi mjane wa kwanza alibisha hodi. Ndivyo kazi yake ilivyoanza, akaja kufungua karakana hapa Valladolid. Kwa miaka ishirini alichora askari waliokufa, kutoka mji huu na miji ya jirani, kwa ajili ya mama zao na wake zao. Wengi wenu mnazo picha hizo nyumbani. Hakuna askari hata mmoja aliyechorwa alivyovaa kweli.

Fermín Arce, aliyekuwa askari mwenzake Flandria, alikuwa akipita karakanani kumchokoza. "Baltasar, hawa ni askari au maharusi? Mimi katika jeshi lile mwenye manyoya nilimwona kuku tu, na yeye tulimla!" Marehemu alicheka hadi akafuta machozi, kisha akaendelea kuchora lesi.

Tarehe 12 Mei 1627 alifunga ndoa na Casilda Robledo, binti wa mtengeneza mishumaa. Walijaliwa watoto wawili, Lesmes na Brígida. Lesmes alipokua ndiye aliyesimama karakanani badala ya wafu. Alivishwa kofia ya unyoya, moja tu iliyokuwapo karakanani kwa kazi hiyo, akapewa mkuki mrefu, akasimama kimya asubuhi nzima. Alipendeza, jamani.

Mwaka 1646, akiwa na miaka kumi na minane, alisema anakwenda Katalunya vitani. Brígida alikuwepo, na maneno yale hajayasahau.

"Huko si kama unavyodhani," baba yake alimwambia. "Watu wanakufa na magunia miguuni."

"Mbona wewe hukuwachora hivyo?"

"Nilikuwa nawachorea mama zao."

"Na mimi niliyekua nikiwatazama, ulinichorea nini?"

Lesmes akaenda. Alikufa Oktoba ya mwaka ule ule, nje ya mji wa Lérida. Aliyeleta habari hakujua walimzika wapi, na kuhusu mavazi hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Tangu siku hiyo mama mkwe wangu, Casilda, alikuwa akila chakula chake jikoni, peke yake. Marehemu naye hakuchora tena unyoya. Mjane akija, alimwambia kwanza, "Nitamchora alivyokuwa, mchafu na mwenye njaa. Unataka?" Wengi waliondoka kwa hasira. Mmoja alimtemea mate mlangoni. Wachache walikubali, na picha zile zilikaa zimegeuzwa zikitazama ukuta. Akarudi kwenye kazi ya kupaka rangi sanamu.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, alianza kukohoa damu, na kufikia Krismasi hakuweza kushuka kitandani. Asubuhi ya siku ya Candelaria, sikukuu ya mishumaa ya tarehe 2 Februari, tukiwa chumbani mimi na Brígida, mama mkwe aliingia na ubao mdogo na rangi, akaviweka juu ya blanketi.

"Mchore mwanangu," alisema.

"Nimvike nini, Casilda?"

"Usimvike kitu. Mchore siku ile nilipokuwa namwogesha mbele ya moto, akanitoroka akakimbilia nje."

Alichora kwa siku nne, mimi nikimshikilia mgongo. Ni mtoto wa miaka mitatu hivi, uchi, nywele zimelowa, anacheka. Mama mkwe aliichukua akaitazama. Kisha akasema, "Masikio ni yake, baba Lesmes." Jina hilo hakuwahi kumwita tangu kijana afe. Jioni ile alileta bakuli lake la supu ya vitunguu saumu, akakaa pale pale kitandani, akala.

Marehemu alifariki tarehe 9 Februari 1661, alfajiri, baada ya kupokea sakramenti.

Ameacha mjane, Casilda, binti, Brígida, mimi mkwewe, na wajukuu wawili, Mencía na Gil. Tumemvika kanzu ya kijivu ya Wafransisko, ile anayozikwa nayo tajiri na maskini, na mkewe ndiye aliyemfunga kamba kiunoni kwa mikono yake.

Mungu ampokee, naye alale salama.