Rozari ya Pili ya Privatus Karugendo

Ndugu na majirani, tunayemzika leo ni Privatus Karugendo, na anayewasomea ni mimi Georgina, dada yake mkubwa, kwa hiyo mwenye kutaka kusahihisha tarehe asubiri nimalize.

Alizaliwa Kamachumu, upande wa Muleba, tarehe 14 Septemba 1911, mtoto wa sita, akasoma kwa mapadre Kashozi tangu 1921 hadi 1925, akatoka anajua kusoma, kuandika na kubishana. Alibeba magunia ya kahawa bandarini Bukoba miaka kumi na miwili, na tarehe 3 Februari 1934 akafunga ndoa na Jovita, huyu hapa, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia, waliobaki mnawaona.

Mwaka 1938 alipewa kazi ya kuangalia bwawa la kuogelea la wanafunzi wa shule ya misheni, lile lililozungushiwa mawe ukingoni mwa ziwa kwa sababu ya mamba, na kwa kuwa radi za huku mnazijua, ngurumo ya kwanza ikisikika, hata ya mbali, aliwatoa watoto wote majini, akawaingiza ndani ya jengo la shule, si chini ya mti, si kwenye banda la nyasi, akasali rozari mbili taratibu kupima muda kabla ya kuwaruhusu kurudi majini, maana saa hakuwa nayo, na ikinguruma katikati alianza upya. Wanafunzi walimwita Padre Mwoga, walimu nao wakacheka, lakini kwa miaka kumi na mitano hakuna mama aliyelia kwa ajili ya bwawa lile.

Kuhusu ugonjwa, hakuugua. Jana Ijumaa, tarehe 17 Aprili 1953, saa kumi jioni, nilikuwa nimempelekea ndizi, ikanguruma upande wa visiwani, watoto wakatolewa, tukasali, mimi nikiitikia, rozari ya kwanza ikaisha, ya pili tukamaliza tendo la tatu kati ya matano, ndipo alipoona kamba ya maboya imekatika, inachukuliwa na maji, akaniambia, "Dada, shikilia hapo hapo, narudi," akaingia hadi kiunoni, radi ikampiga, nami shanga bado zimo mkononi.

Sasa nasikia vijana wa ukoo wetu wanasema radi hiyo ilitumwa na Mujuni, jirani yetu, kwa kuwa aligombana na marehemu juu ya mpaka wa kibanja, shamba la migomba, akamwambia, "Radi ikupasue!", na kwamba tukitawanyika hapa nyumba yake itachomwa. Mdomo wa Mujuni ni mchafu, sikatai, lakini kama maneno yangeleta radi, mimi ningekuwa nimeshaimaliza wilaya nzima. Ndugu yangu aliuawa na matendo mawili ambayo hatukuyasali, na mimi niliyekuwa karibu sikumshika shati.

Tunamshukuru daktari wa misheni aliyekuja mbio ingawa hapakuwa na la kufanya, walimu wa shule waliombeba, majirani walioleta kuni na ndizi, na Mujuni, aliyechimba kaburi hili tangu alfajiri bila mtu kumpa hata maji. Yeye ndiye atakayetangulia kutupa udongo, nami nitasimama naye.

Karugendo, ndugu yangu, pumzika kwa amani, na asiguswe mtu kwa ajili yako.