Miguu Ukutani: Kumuaga Mzee Dalmas Masinde

Leo Jumatatu, tarehe 31 Machi 1958, Mzee Dalmas Masinde, mnyapara wa wabeba magunia, anastaafu baada ya kukitumikia kinu chetu cha unga hapa Nakuru kwa miaka ishirini na minane na miezi tisa. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu nina mwandiko mzuri. Sababu ya pili, ambayo wenzangu wanadhani siijui, ni kwamba hakuna aliyemcheka kwa muda mrefu kama mimi, kwa hiyo inafaa nitubu hadharani.

Alikuja kutoka Kimilili akiwa kijana mwenye shingo nene, akaanza kwa kubeba. Mwaka 1934 gunia la mahindi lilimwangukia mgongoni, na kwa miaka miwili akawa anatembea kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Dawa zote zilishindwa. Kisha akaajiriwa Bwana Jethalal, karani wa stoo, ambaye alikuwa akifika mapema kabla ya mashine kuwashwa na kufanya mazoezi ya kwao India, yoga, nyuma ya mizani. Asubuhi ya kwanza Masinde alimkuta kichwa chini miguu juu, akadhani karani ameanguka vibaya, akamkamata vifundo vya miguu na kumsimamisha wima kwa nguvu zote. Urafiki wao ulianzia hapo, ingawa Bwana Jethalal alihitaji kukaa chini kidogo kwanza.

Alichomfundisha ni hiki: mwili wa Januari si mwili wa Julai, kwa hiyo kila msimu una mazoezi yake, na kalenda haina habari. Mtu asubiri mpaka mwili wenyewe useme msimu umegeuka. Mgongo wa Masinde ulinyooka. Bwana Jethalal aliporudi kwao mwaka 1947, alimwachia kazi hiyo, na Masinde akaiendeleza na wabebaji wake arobaini, robo saa kila asubuhi. Mimi nilikuwa nikiwatazama kutoka kwenye mizani yangu huku nikinywa chai.

Kiangazi walilala chali kwenye saruji baridi na kuvuta pumzi polepole, kwanza kwa tundu moja la pua, halafu la pili. Ni zoezi zuri sana mahali pasipo na unga. Kwetu hapa, watu arobaini walipiga chafya kwa zamu mpaka saa moja na nusu, na Mzee akasema hiyo nayo ni pumzi.

Julai palikuwa na kazi zaidi. Zoezi la baridi ni kulisalimu jua, na Julai ya Nakuru mnaijua, ukungu unashuka kutoka Menengai na jua halionekani mpaka saa nne. Mzee hakutaka kuruka zoezi, akaamua walisalimu dirisha lililokuwa na taa, upande wa mashariki. Lilikuwa dirisha la Bwana Meneja. Kila asubuhi Bwana Meneja alifungua pazia na kukuta watu arobaini wakimwinamia na kunyanyua mikono. Siku ya kwanza alishtuka, ya pili akavua kofia, ya tatu akawa anatokeza dirishani kabla ya wakati. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Agosti mazoezi yalipobadilika alinituma niulize kama amewakosea watu. Mzee alijibu kwa heshima kwamba avumilie mpaka mwaka ujao.

Lakini zoezi lililompa Mzee sifa ni la masika, kulala juu ya magunia matupu na kuegemeza miguu ukutani, ili uvimbe wa kutembea kwenye matope ushuke. Kuanza kwa msimu huo aliambiwa na goti lake la kulia. Goti likiuma, miguu inapanda ukutani, na kabla ya siku tatu mvua inanyesha. Mwaka wa nne wa kuona hivyo, stoo wakaanza kufunika mahindi ya uani kwa turubai kila walipoona miguu ukutani. Mimi nilisema ni bahati tu.

Mwaka 1955 alikuwa likizo Kimilili, nasi tukapata telegramu ya maneno matatu: MIGUU UKUTANI MASINDE. Turubai zilifunikwa, na mvua ikaja keshokutwa yake. Hata leo sijui goti lililokuwa Kimilili lilijuaje mambo ya Nakuru. Lakini siku zile za Hali ya Hatari telegramu ya namna hiyo haikupita hivi hivi. Inspekta mmoja wa polisi alikuja kuuliza miguu ni nani na ukuta uko wapi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeipokea, ilinibidi nilale chini na kumwonyesha. Aliandika kitu kirefu, akaenda zake.

Mwaka huu goti limenyamaza. Vumbi la ziwa bado linaingia machoni na mbinguni hakuna wingu. Mama Truphosa, mkewe, ambaye husema akifagia nyumba hujua msimu kwa mahali anapomkuta mumewe amelala, ameniambia Mzee halali vizuri. Hataki kuondoka na kutuacha kwenye kiangazi, mazoezi hayajageuzwa. Aliomba wiki moja zaidi, na Bwana Meneja akasema kwa masikitiko kwamba ofisi kuu haitambui magoti. Tangu hapo Mzee hatanii mtu. Nimemwona akilibonyeza goti lake nyuma ya mizani, pale pale kwa Bwana Jethalal, na nakiri iliniuma.

Mzee, sasa nasema na wewe. Karatasi hii utapewa mlangoni. Ukishaisoma, ingia stoo. Utakuta miguu themanini na minne ukutani. Miwili ni yangu, na ile miwili yenye soksi ndefu hatumtaji mwenyewe, ila dirisha la mashariki leo halina mtu. Mahindi yote ya uani yamefunikwa, na jua linawaka vizuri sana.

Utauliza nani ametoa ruhusa. Tangu Alhamisi nyonga yangu ya kushoto inauma. Huenda ni kwa kujifunza zoezi hili kwa siri katika umri wangu. Lakini kamba za turubai nimezifunga mwenyewe, kwa mikono yangu, mimi niliyekucheka miaka kumi na mmoja.

Asante, Mzee, kwa migongo yetu. Nenda salama Kimilili na Mama Truphosa, mkaishi kwa raha na afya, goti likuume pale tu panapohitajika. Na msimu ukigeuka usiache kutuletea telegramu. Inspekta tutamweleza wenyewe.

Jonah Kimaiyo,
karani wa mizani