Mama Kabatesi na Kinywaji cha Mapatano

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Mama Kabatesi anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika ofisi yetu ya msaada wa sheria hapa Gisenyi.

Alianza kama mkalimani wa wafanyabiashara waliovuka mpaka kutoka Goma. Baadaye akawa mshauri wa usuluhishi, akiwafundisha wavuvi na wauza samaki wa Rubona namna ya kumaliza ugomvi bila kwenda mahakamani.

Wengi tunajua somo lake la kinywaji. Zamani mahakama iliamua kwamba mtu akinywa pamoja na mpinzani wake baada ya msuluhishi kutoa uamuzi wake, basi amekubali na hawezi kukata rufaa. Kwa hiyo Mama Kabatesi aliwaonya watu wafikiri kabla ya kuonja. Rubona kuna waliokaa na chupa mkononi kikao kizima mpaka bia ikapata moto.

Mwaka huu alikuja Mukundwa, muuza samaki wa Nyamyumba. Yeye na shemeji yake Sylvain waligombea mtumbwi; msuluhishi alimpa Sylvain mtumbwi wote, na Mukundwa akanywa Fanta pamoja nao. Wiki iliyofuata aligundua kwamba msuluhishi na Sylvain wanafanya biashara pamoja. Kwa uamuzi ule wa zamani, mlango wake ulikuwa umefungwa.

Wakili wetu Rugema alitaka kuiomba mahakama itengue uamuzi huo. Mama Kabatesi alikataa. Watu wengi wamejenga amani yao juu ya kinywaji hicho, alisema. Ukikivuruga, kila ugomvi wa zamani utaamka. Kwa siku nyingi hakutulia. Alikuwa akisimama dirishani, anakaa, anasimama tena, na chai yake inapoa mezani.

Kilichombadilisha ni Mukundwa mwenyewe, siku alipoulizwa kwa nini alikunywa.

“Mama, jua ilikuwa kali. Mi nilikunywa juu ya kiu, bon. Ile mambo ya msuluhishi sikukubali. Sasa mutu akikuibia, akupe na Fanta, ni kusema ulimupa?”

Rugema alicheka. Mama Kabatesi hakucheka. Jioni ile wawili hao walikubaliana: mahakama iombwe kusahihisha kosa kwa kesi ambazo bado ziko wazi, na zilizokwisha zibaki zimekwisha.

Jumanne iliyopita mahakama ilikubali. Kesi ya Mukundwa itasikilizwa, na mtumbwi hautauzwa kabla ya hapo. Ofisini tulipiga makofi.

Jumatano asubuhi akaja Valentin wa Nyakiriba, ambaye miaka mingi iliyopita alipoteza shamba kwa kinywaji hichohicho. Aliuliza swali moja tu: “Kama ilikuwa kosa, kwa Mukundwa ni kosa, kwangu ni sheria?”

Mama Kabatesi alimwambia ukweli, kwamba ombi la kuacha kesi zilizokwisha lilikuwa lake pia. Hakujitetea. Alivuta kiti, akakaa naye mpaka mchana, na tangu siku hiyo ametuuliza mara kadhaa kama mstari kati ya kesi zilizo wazi na zilizokwisha uliwekwa mahali pake.

Mama Kabatesi, asante kwa kazi yako, na kwa kutukataza kufurahi haraka. Valentin atarudi Jumatatu na swali lake, nasi tutampokea. Wewe nenda nyumbani kwa amani, uwe na afya na miaka mingi ya furaha pamoja na wajukuu.