Gurudumu la Nani?

Benchi lina miguu minne, mmoja umefungwa waya, na wanaolikalia kila asubuhi wamezoea kuegemea upande wa pili ili lisiwabwage. Liko pembeni mwa barabara, mbele ya kibanda cha kinyozi, na hapo ndipo Mama Kahawa huweka jiko lake, birika lake na vikombe vyake kumi na viwili. Ng'ambo kuna mlango wa kijani wenye kibao cha wakili. Siku ya tatu sasa mlango ulikuwa umefungwa, umebandikwa karatasi: "Nimetoka. Nitarudi." Mama Kahawa alikuwa ameisoma karatasi ile mara nyingi kuliko kitu chochote alichowahi kusoma. Kesho saa tatu asubuhi kesi ya mwanawe, fundi baiskeli, ilikuwa isikilizwe baada ya miezi saba ya rumande, na wakili mwenyewe hajulikani aliko.

– Kaondoka huyo, alisema Redio, yule kinyozi mwenye kibanda. Umeme ukikatika mashine yake hunyamaza, yeye hanyamazi.

– Kaondoka kwenda wapi? aliuliza Mama Kahawa.

– Kwao, Ujerumani. Kachoka. Ungekuwa wewe usingechoka? Miaka thelathini na minane unagombana na watu wenye bunduki, wewe una kalamu!

Wakili alikuwa mwanamke wa Kijerumani, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi na mkoba wa ngozi uliochakaa. Jina lake la kweli liliwashinda, wakamwita Bibi Kifungu. Maana kila alipomkuta mwenye sare anamburura mtu, alimsimamisha na kumwuliza: "Kwa kifungu gani?" Halafu alisubiri, kalamu juu ya karatasi, mpaka ajibiwe. Wapo waliomwachia mtu waliyemkamata ili wasijibu tu.

– Hapo umenoa, Redio, alisema Profesa. Chuo kikuu alikuwa amekiona kwenye kalenda. Alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu. Akaendelea: Kwao hawezi kurudi. Kule sheria zote zinafuatwa. Gari likikuta taa nyekundu, barabara tupu, hakuna hata kuku, linasimama. Sasa wakili atafanya kazi gani? Ndiyo maana kaja huku. Huku kazi ipo mpaka kiyama.

– Wewe Ujerumani umefika lini?

– Nimeifundisha miaka ishirini na sita. Kuna tofauti gani?

Mama Kahawa aliwamiminia bila kucheka. Mwishoni mwa benchi alikaa Posta, kofia magotini. Alikuwa msambaza barua, na kila siku alipita hapo kunywa kikombe kimoja kabla ya kuanza mzunguko wake.

– Mimi nampelekea barua, alisema. Nyingi zinatoka magerezani. Hata alipowekwa ndani yeye mwenyewe siku mbili, nilimpelekea huko huko. Nikamkuta ameshawaandikia wenzake kumi na mmoja maombi ya dhamana. La kwake kalisahau.

– Enhe! Redio alijipiga paja. Barua za siri! Mnaona? Jasusi huyo.

– Jasusi wa nini, bwana? alisema Posta. Hapa kuna nini cha kupeleleza? Hili benchi?

– Ndiyo, hili benchi! Wanataka kujua sisi tunafikiri nini.

– Basi miaka thelathini na minane yote daftari lake litakuwa tupu.

– Msicheke, alisema Profesa, akasogea mbele kama aliyeitiwa siri. Lile gereza limejengwa juu ya mwamba wa kale. Mimi ni mtu wa jiografia. Chini yake kuna dhahabu. Sasa wewe ukitaka kuichimba, utafanyaje? Unawatoa wafungwa. Mmoja mmoja, kisheria, bila kelele. Wakiisha wote, gereza halina kazi. Unaingia na sururu.

– Miaka yote hiyo, Profesa?

– Wajerumani wana subira.

Mama Kahawa aligeuka akapuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa. Alikumbuka siku ya kwanza alipougonga mlango wa kijani. Ofisi ilikuwa na viti viwili, kimoja kimejaa mafaili. Bibi Kifungu alimpisha kile kingine, yeye akakaa juu ya katoni ya karatasi, magoti yamemfika kifuani kama mtoto. Hakumwuliza kama mwanawe alikuwa na tabia njema. Alimwuliza anatumia mkono upi, alivaa nini, ilikuwa saa ngapi. Kisha akasema: "Mama, hati ya mashtaka inasema alirusha mawe sokoni saa tisa alasiri. Nipe mtu mmoja tu aliyemwona mahali pengine saa hiyo."

Mtu mmoja tu! Mwanawe alikuwa akitengeneza baiskeli hatua tatu kutoka kwenye benchi hili, na benchi halikosi watu. Ila yeye Mama Kahawa alikuwa amekwenda kununua mkaa. Aliporudi alikuta spana zimetawanyika, gurudumu limelala chini, na wateja wake wameinamia vikombe. Aliwauliza wote, na wote wakamjibu kwa sauti moja: walikuwa wanatazama upande wa pili. Watu wazima watatu, shingo tatu, upande wa pili! Kesho yake walirudi kunywa kahawa. Akawamiminia. Angefanya nini?

– Mimi namhurumia tu, Redio aliendelea. Hata awe na vifungu elfu, atashinda vipi? Wenye sare wanasema kijana alirusha mawe. Haya, niambieni, alirusha kwa mkono upi? Gurudumu kalishika kwa mikono yote miwili, grisi mpaka viwikoni, hata kuinuka hakuinuka mpaka walipomkamata ukosi na...

Umeme ulikuwepo, Redio akanyamaza.

Mama Kahawa alikuwa akimmiminia Profesa. Kikombe kikajaa, kikafurika, kahawa ikamchuruzikia gotini, na Profesa hakuthubutu hata kusema "aah".

– Redio, Mama Kahawa alisema polepole. Siku ile wewe ulikuwa unatazama upande gani?

Sauti nyingine ilimtangulia, kutoka nyuma yao.

– Gurudumu la baiskeli ya nani?

Bibi Kifungu alikuwa amesimama na mkoba wake, viatu vyeupe kwa vumbi. Siku tatu alikuwa akigonga milango yote iliyozunguka soko, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mtu aliyeona. Alikuwa amekuja kunywa kahawa tu.

– Shikamoo, Bibi, alisema Redio.

– Marahaba. Gurudumu la baiskeli ya nani?

Swali jepesi namna ile! Mtaa mzima kulikuwa na baiskeli moja tu iliyopakwa rangi ya posta. Profesa alikuwa anajipangusa goti. Redio alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu lingekuwa humo.

– Sisi tulikuwa na mjadala wetu hapa, Bibi, Redio alisema, akijaribu kucheka. Tulikuwa tunajiuliza, hivi wewe hasa ulikuja huku kwa nini?

Bibi Kifungu alikaa. Miaka yote alikuwa akiwasalimu na kupita. Hii ilikuwa mara ya kwanza kukaa. Hakujua habari za mguu wenye waya, benchi likayumba, na Posta akamdaka kiwiko.

– Nilipokuwa mdogo, alisema, mama yangu alinionyesha dirisha la nyumbani kwetu. Pale aliposimama, alimwona jirani yetu akichukuliwa na wenye sare, yeye, mkewe na watoto. Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Alivuta pazia tu. Alizeeka nalo, lile pazia. Mimi nikasema nitafanya kazi ya kusimama dirishani, popote nitakapokuwa. Basi. Gurudumu la baiskeli ya nani?

Lori lilipita. Vikombe vikatetemeka kwenye sinia.

– Yangu, alisema Posta.

Wote waligeuka.

– La nyuma. Spoku tatu zilikatika. Nilimwachia saa nane na nusu. Walipomchukua ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Najua, kwa sababu saa tisa kamili naanza mzunguko wa pili, na nilikuwa nimechelewa, namhimiza. Alikuwa ananijibu, "Tulia, mzee wangu, namalizia." Hakuimaliza hiyo kazi.

– Miezi saba, kaka, alisema Mama Kahawa. Miezi saba nakumiminia!

– Nisamehe, dada. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, nikaogopa. Kila asubuhi nilikuja nikisema leo nitamwambia. Kahawa ikaisha, nikaondoka.

Bibi Kifungu hakumpongeza mtu. Alitoa karatasi nyeupe mkobani.

– Utaandika kwa mkono wako mwenyewe, kwa maneno yako. Masjala ya mahakama inafungwa saa tisa. Mmoja wanaweza kumwita mwongo. Watatu itawapa kazi.

– Mimi nina wateja, alisema Redio. Kiti chake cha kunyolea kilikuwa kitupu tangu asubuhi.

– Mimi nami, macho haya, umri umekwenda... Profesa alianza.

– Macho yako yameona dhahabu chini ya gereza, alisema Mama Kahawa.

Alifunika jiko, akalishika birika. Lilikuwa zito, linafuka mvuke, hata nusu halijapungua.

– Kahawa imekwisha, alitangaza. Imekwisha hapa. Atakayeitaka ataikuta kule. Akaonyesha mlango wa kijani kwa kidevu.

– Lakini mama, alisema Bibi Kifungu, mimi nina viti viwili, na kimoja kina mafaili.

Posta alivaa kofia yake, akashika ncha moja ya benchi na kuinua, akasubiri. Redio alilitazama lile benchi likiwa limeinuka upande mmoja, akatazama kiti chake kitupu, akasonya, akashika ncha ya pili. Profesa alitangulia barabarani, kiganja juu, akisimamisha magari kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Mama Kahawa alifuata na birika na sinia la vikombe.

Bibi Kifungu alikuwa ameshafika mlangoni, anabandua karatasi yake.

– Bibi! Redio aliita katikati ya barabara, huku mguu wenye waya ukining'inia na madereva wakimpigia honi. Mimi sijawahi kuandika vitu hivi. Nianzie wapi?

– Anzia upande uliokuwa unatazama.