Custódio Nantimbo na Koki za Gesi za Kiwanda cha Barafu

Ndugu waombolezaji, kaka yangu Custódio Nantimbo alizaliwa Mueda tarehe 14 Machi 1979, akasoma shule ya msingi hukohuko, na mwaka 1996 akaingia shule ya ufundi mjini Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, ambako likizo moja aliifungua redio ya baba na kuirudisha ikiwa na sauti nzuri kuliko mwanzo, ingawa parafujo mbili zilibaki mezani.

Tarehe 6 Mei 2006 alifunga ndoa na shemeji yetu Dulce, wakajaliwa mabinti wawili, Ana na Catarina, akafanya kazi za kandarasi Afungi, kwenye mradi wa gesi asilia, hadi vita vilipotutawanya Machi 2021.

Mwaka 2023 alirudi Palma, katika kiwanda cha barafu na samaki, akakabidhiwa mtandao usio na waya uliopeleka amri kutoka ofisini, kuvuka mkono wa bahari, hadi kwenye koki za gesi ya amonia ya kugandishia barafu, gesi ambayo ikivuja ndani huua. Mlingoti wa antena ulisimama mikokoni, haufikiki kwa miguu ila maji yakipwa, kwa hiyo alifanya ambalo yeyote kati yetu angefanya, akaupima mtandao maji yakiwa yamekupwa, akaridhika. Maji ya bamvua yalipojaa, mawimbi ya redio yakadunda juu ya bahari na kuvurugana, amri zikapotea njiani. Hakumsingizia mtu, alikiri kosa mbele ya wakubwa, akapanda mtumbwi kupima upya, akafunga antena mbili kwa vimo tofauti ili moja ikikwama nyingine ipitishe, kisha akadai jambo ambalo wakubwa hawakulipenda, maana lingesimamisha kazi mara kwa mara: "Koki isiposikia kitu, ijifunge yenyewe. Samaki wakioza tutavua wengine."

Walibishana naye mwezi mzima, naye akikaza shingo mnamjua; mwishowe wakakubali.

Tarehe 9 Februari 2025 upepo uliangusha mlingoti, na kiwandani bomba la amonia likapasuka, koki hazikusikia kitu, zikajifunga, na watu waliokuwa ndani ya chumba cha mitambo wakatoka wakikohoa, lakini wakatoka wote.

Juni alianza kuugua figo, akalazwa Pemba, akafariki tarehe 3 Novemba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Dulce.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi matangani, na wafanyakazi wenzake, hasa ninyi mliotoka chumba kile, mlioomba kubeba jeneza, nasi ndugu zake tukawapisha.

Kaka, wamekufikisha. Pumzika.