Nani Anamjua Bwana Adi?

Siku ile kijiweni walikuwapo Mzee Sherali, mzaliwa wa Tanga, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki. Onesphore wa Uvira, aitwaye Waziri kwa sababu kila jambo hulitolea tamko. Candide na binti yake Carmel, aliyekuwa amelala kwenye kigari. Na Wayne, dereva wa basi mstaafu anayeishi jengo moja nao. Elysée alikuja baadaye, na bila yeye pasingekuwa na la kusimulia. Kijiwe chenyewe ni benchi refu mbele ya duka la mashine za kufulia, kule Rexdale, mjini Toronto, chini ya bomba linalotoa hewa ya moto ya mashine, ndiyo maana hukaliwa hata theluji ikiwa magotini. Kahawa ya tangawizi huletwa na Redio kwenye chupa yake. Waziri hukaa ncha inayopigwa na upepo ili usimfikie mtoto. Hajawahi kulitaja hilo, lakini Candide ameliona siku nyingi.

Wayne alikuwa na bahasha. Candide alimpenda mzee huyu tangu baridi yake ya kwanza Toronto, siku alipokuwa akikimbilia basi na kigari kikazama kwenye theluji. Wayne alisimamisha basi, akashuka mwenyewe, akakamata magurudumu ya mbele.

— Nyinyi mnatoka Afrika, — Wayne alisema kwa Kiingereza, masikio yamemwiva kwa haya. — Kuna mtu namtafuta. Anaitwa Mista Adi.

Redio alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Wayne, bwana! Afrika si lifti ya jengo letu useme utakutana na mtu!

— Mwulize anakaa ghorofa ya ngapi, — Waziri akadakia kwa Kiswahili. — Mimi ni waziri, nitamtafutia.

— Kaka Onesphore, mwacheni mzee wa watu aseme, — Candide alisihi.

Wayne akasema. Alikuwapo Adelaide, bibi wa bibi yake. Baba yake alikuwa mmisionari, na Adelaide alizaliwa na kukulia Afrika, sehemu gani hakuna aliyejua. Alipokuwa msichana mkubwa akaletwa Toronto, akaolewa, akazaa. Alipozaa tu, mumewe akampeleka hospitali ya wendawazimu, enzi za Malkia Viktoria, na huko akafungiwa mpaka akafa. Nyumbani kwa kina Wayne husemwa alirukwa na akili kwa ajili ya mwanamume ambaye si mumewe. Sasa faili lake la matibabu limepatikana, na mwanamume mwenyewe ametajwa. Adi.

— Na kwa nini unamtafuta leo? Si amekufa zamani? — Redio aliuliza.

— Binti yangu ni mjamzito. Tangu utotoni alisema akizaa msichana atamwita Adelaide. Shangazi zake wamemkataza. Wanasema jina la kichaa huita kichaa. — Wayne alitazama viatu vyake. — Ananipigia simu akilia. Anauliza, baba, na mimi nikizaa nitakuwa vile?

Candide aliweka mkono juu ya blanketi la Carmel. Alipojifungua mwanawe huyo, Kiingereza chote kilimkimbia. Alisema maji, maji, maji, na muuguzi Mfilipino asiyejua neno hilo akaleta mto, akaleta kitambaa, akaleta beseni, hakuchoka mpaka alipofika kwenye maji.

— Soma, — alimwambia Wayne.

Redio alikuwa amesahau miwani nyumbani, basi Wayne akasoma, Redio akafasiri.

— “Mgonjwa ameacha Kiingereza tangu alipojifungua. Hubwabwaja maneno yasiyo lugha. Husimama nje ya kila mlango, hata ulio wazi, hata wa chumba chake mwenyewe, akimwita mwanamume aitwaye Adi. Humwita mara tatu. Adi asipotokea, mgonjwa hugeuka akaenda zake, hata ikiwa ni wakati wa chakula. Huingia na kula vizuri siku za zamu ya mwanamke dobi, mfua nguo, tu. Sababu haijulikani.”

Waziri akakohoa, na hapo kila mtu akajua tamko linakuja.

— Kikulacho ki nguoni mwako.

— Inahusu nini hapa? — Redio aliuliza.

— Nguoni, Redio, nguoni! Huyo Adi alikuwa fundi cherehani.

— Acha longolongo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama wa watu aliita, akageuka, akaenda. Hakuinama! Adi alikuwa chini ya kitanda muda wote.

— Miaka yote hiyo?

— Mvumilivu hula mbivu.

— Aa bon! Kumbe ndiye aliyekuwa anakula kile chakula!

Waligongeana mikono. Wayne, asiyeelewa hata neno moja, alicheka pamoja nao ili asiwaharibie.

— Hapana, ngoja, nimempata, — Redio alisema na kusimama. — Ni nani anayeitwa mlangoni mara tatu wakati wa chakula, na asipotaka haji? Paka! Adi ni paka.

— Franchement, Redio, kweli paka?

— Paka akiondoka panya hutawala. Adi kaondoka, panya wametawala jikoni, nani atakula hapo?

— Na siku za dobi je?

— Dobi alikuwa na paka wake.

— Mimi namwaza huyo mama dobi, — Candide alisema. — Alifanya nini hata mwenzake akala?

— Alimpa kuku, — Waziri alikata shauri, wakarudi kwenye paka: kama alikuwa wa Kizungu au alitoka naye Afrika, na kama paka wa Afrika angeiweza baridi hii.

Wayne alianza kuzikunja karatasi zake. Alizikunja taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Wakati huo ndipo Elysée alipofika. Alikuwa na wiki moja tu Kanada, ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mtu wa kanisani alimwelekeza kwamba mbele ya duka la kufulia kuna watu wanaozungumza Kiswahili. Alisimama mbali kidogo na benchi, kofia mkononi.

— Odi! — alisema, kwa matamshi ya kwao, herufi ya kwanza imemezwa.

— Paka wa Kikongomani haogopi baridi, — Waziri alikuwa akisema.

— Odi, wapapa, wazee wangu!

— Wa Tanga ndiye haogopi! Wa kwenu anavaa makoti matatu kama wewe!

— Odi...

Hakuna aliyegeuka. Candide alimwona kijana akisubiri, akivaa kofia yake, akiokota mfuko wake wa nailoni. Hakukasirika. Aligeuka akaanza kwenda zake.

Candide aliruka kutoka benchini.

— Karibu! — alipiga kelele hata Carmel akaamka. — Karibu, kaka! Karibu, karibu!

Elysée akarudi anatabasamu. Lakini Candide hakumngoja aketi. Alimnyang’anya Wayne karatasi, akalitafuta lile jina kwa kidole. Ulimi wa Wayne ulikuwa wa Toronto, O yake ilitoka kama A. Kwenye karatasi daktari aliandika Oddy. Candide akalisoma kama alivyofundishwa shule ya msingi, kila herufi na sauti yake.

— O... di.

Redio ikazimika. Kwa mara ya kwanza tangu benchi hilo liwekwe pale, ikazimika kabisa.

— Mzee Sherali, — Candide alisema, — mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hufanyaje?

— Huenda zake, — Redio alijibu polepole. — Ndiyo adabu. Ukiingia bila kukaribishwa, bibi yangu angekuchapa. — Akajipiga paji la uso. — Na sisi hapa tunabonyeza vitufe vya mlango mpaka neno lenyewe limetupotea! Paka! Mimi mtu mzima nasema paka!

— Nimesema nini vibaya? — Elysée aliuliza.

— Keti, baba, keti, umesema vizuri mno, — Waziri alimjibu, akimsogezea nafasi upande usio na upepo.

Candide alimgeukia Wayne na Kiingereza chake chote alichokuwa nacho.

— Wayne, Adi si mtu. Hakuna mwanamume. Kwetu hubishi mlango kwa ngumi tu, unasema neno hilo. Unangoja. Wa ndani akisema karibu, unaingia. Asiposema mara tatu, unaondoka. Bibi yako alilelewa kwetu, na waliomlea walimlea vizuri. Alikuwa anaomba ruhusa.

— Ya kuingia chumbani mwake?

— Hata chumbani mwake.

Wayne aliichukua tena karatasi, akaitazama. Halafu akasema:

— Hakuwa anabwabwaja.

— Alikuwa na adabu kuliko hospitali nzima! — Waziri alinguruma. — Daktari ndiye alikuwa hajui lugha, akamwandika mgonjwa!

Wayne alipiga simu, akaiweka wote wasikie. Alimwambia binti yake yote, akirudi nyuma, akisahau, Candide akimsaidia. Upande wa pili kikaja kilio, na ndani ya kilio hicho, kicheko.

— Mwambie naye abishe hodi! — Redio alidai. — Abishe!

— Odi? — sauti changa ikauliza kwenye simu.

— KARIBUUU! — benchi zima likaitikia, Carmel naye ndani yake. Waziri alikuwa amesimama juu ya benchi na makoti yake matatu, akipunga mikono kama aliyeshinda uchaguzi. Watu wakatoka dukani na vikapu vya nguo.

— Nani kafunga goli? — mama mmoja wa Kijamaika aliuliza.

— Adelaide! — Wayne alimjibu, machozi yanamtiririka. — Adelaide kafunga!

Yule mama hakumjua Adelaide, lakini alishangilia vilevile.

Walipotulia, Elysée, aliyekuwa amesimuliwa kisa chote kikombe kikiwa mkononi, akauliza:

— Na huyo mama dobi, jina lake nani?

— Yupi?

— Si ndiye aliyekuwa anamwitikia? Hata kama ni kwa Kiingereza.

Wayne alipekua karatasi zote, mbele na nyuma, jina halikuwamo. Wahenga wote walikuwa wamewaishia Redio na Waziri. Redio aliinamisha chupa, akamiminia Elysée tone la mwisho.

Candide akaingia ndani kuchukua nguo zake, maana mashine ilikuwa imeshasimama zamani. Akakuta mtu amezihamishia kwenye ya kukaushia, akazitoa, akazikunja, na soksi ndogo za Carmel kila moja na mwenzake. Aliangaza huku na huku amshukuru. Mtu huyo alikwisha kwenda.

Mwezi wa nne binti wa Wayne alijifungua msichana. Anaitwa Adelaide.