Kitambaa cha Kumchorea Mzee Ndaga

Asubuhi hiyo baridi ya Iringa ilikuwa imeingia mpaka kwenye magoti, na benchi la Miyomboni lilikuwa na watu watatu na birika lisilo na mwenyewe. Mwenyewe ni Mzee Gwakisa, ambaye kijiwe kizima kinamwita Mzee Ndaga, maana kila ukimlipa anakushukuru kwa neno hilo, kwa Kinyakyusa chake. Yeye alikuwa nyumbani Kihesa akifunga mizigo. Amemimina kahawa hapo miaka kumi na moja, inatosha. Keshokutwa anapanda basi la Mbeya, na harudi. Wateja wamekubaliana kumuaga kwa picha ya kuchorwa kwa mkono, sura yake yeye, aitundike sebuleni. Mchoraji ni Marcelino, jina la kijiweni Brashi, fundi wa mabango aliyeandika “Saluni” na “Supu Ipo” kutoka Dodoma mpaka Lusaka, na ambaye hajawahi hata mara moja kuchora kwenye kitambaa. Hilo hakumwambia mtu. Alikaa na vipande viwili mapajani, cha turubai na cha marekani, ile pamba nyepesi, asijue kipi kinafaa.

— Chukua turubai, alisema Liberatus, dereva wa lori, aitwaye Tani Thelathini. Hilo limefunika mbolea yangu toka Tunduma mpaka Makambako, mvua usiombe, hakuna gunia lililolowa. Sura ya mzee ni nini mbele ya mbolea?

— Hili la plastiki, kaka, alisema Brashi. Rangi haishiki. Mwezi haujaisha, pua imedondoka.

— Si atakuwa ameshafika Mbeya? Tutajuaje?

Mwalimu Rabson, mstaafu anayeitwa Wizara kwa kupenda kutoa miongozo, aliinyanyua ile marekani akaielekeza kwenye jua.

— Kitambaa bora nyuzi zake zimebanana. Hiki namwona Liberatus upande wa pili.

— Hata mimi nakuona, Mwalimu. Hujanyoa.

— Kwa hiyo hakifai. Mzee atakuwa na matundu.

— Kinapakwa kwanza gundi na rangi nyeupe, Brashi alijitetea. Matundu yanaziba. Nasikia.

— Unasikia? Si wewe ndiye fundi?

— Fundi ana masikio pia, Mwalimu. Jamani, mimi kule Kitwe nilichora simba kwenye bodi ya lori, mpaka leo madereva wanamwita mbuzi wa Brashi. Na hiyo ilikuwa bati! Sasa nikikosea kitambaa je?

Walimcheka, na yeye akacheka, lakini vidole vyake havikuacha kusugua ile marekani.

— Kitambaa kinapigwa, alisema Tani Thelathini, akakivuta na kukigonga kama ngoma. Kikilia vizuri, ni kizuri.

— Tunachora au tunacheza? Mwongozo wangu mimi ni joho la kwaya. Joho kuukuu limeimbiwa miaka ishirini, limetulia. Rangi ikikaa humo haibabuki.

— Na kwaya ivae nini Jumapili?

— Hayo ni masuala ya utekelezaji.

— Acheni! Mzee wetu ni mtu wa kahawa, alisema Tani Thelathini. Kitambaa kikiikataa kahawa, na yeye kitamkataa.

Kabla Brashi hajavikinga vitambaa, Tani Thelathini alishavimiminia vyote viwili kahawa ya birika. Marekani ikainywa yote. Kwenye turubai kahawa iliteleza ikaishia kwenye suruali ya Wizara.

— Umeona? Marekani imekunywa!

— Kahawa uliyopika wewe? alisema Wizara akijifuta. Basi hicho kitambaa hakina akili.

Hapo akavuka barabara Avni, binti wa Shabbir wa duka la vitambaa, kabeba kipande kilichokunjwa.

— Shikamooni. Baba kasikia mnatafuta kitambaa cha kuchorea, kasema hii ndiyo nzito, Mzee Brashi. Ivute huku, vuta na kule. Hailegei. Ukiipigilia vizuri kwenye fremu, haitakusumbua.

Brashi akavuta huku, akavuta kule. Kweli haikulegea.

— Na huyo mzee wa kahawa, aliuliza Avni, ana ndevu?

— Ana… alisema Tani Thelathini.

— Hana, alisema Wizara. Au za pembeni?

Simu zikatolewa. Picha zilikuwa tele: Tani Thelathini anacheka, Wizara kakunja nne, na pembeni mkono unamimina kahawa. Mkono tu. Brashi akafumba macho amtafute mzee. Akaona birika, kila lilipobonyea, na juu ya birika hakuona mtu.

Akakunja kile kitambaa kizito, akasimama.

— Unaenda wapi?

— Kihesa. Kumtazama.

— Utamwambia umefuata nini?

— Nitasema nimefuata kahawa.

Wakatazamana. Halafu Wizara akaweka kikombe chini, na Tani Thelathini naye, wakamfuata.